Kidole cha Bandia Mbele ya Mwanga

Hoja iliyo mezani ni hii: kila mashine inayosoma alama za vidole kwa ajili ya laini ya simu, benki au malipo ya serikali ilazimishwe kuwa na mwanga unaotofautisha ngozi ya mtu na ngozi ya bandia. Kwa haraka haraka, haina mpinzani. Nani atasimama kutetea kidole cha silikoni? Hoja isiyo na mpinzani hunitia wasiwasi, kwa hiyo nimebuni watu wawili waibishanie, na wa tatu apite njia. Wa kwanza ni Shangazi, muuguzi mstaafu wa Tanga ambaye siku hizi ana kibanda cha uwakala wa simu. Wa pili ni mpwa wake, mhandisi, ambaye ofisi yake imepewa kazi ya kuandika masharti ya zabuni ya mashine mpya. Mimi nitaingilia pale tu nitakaposhindwa kunyamaza.

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, baba. Kaa huku, usizibe mlango, wateja wapite. Nasikia mnataka kutuletea mashine nyingine. Hii niliyonayo bado haijamaliza kunisumbua.

MPWA: Hiyo uliyonayo ndiyo tatizo lenyewe. Inasoma ngozi ya juu tu, ile mistari. Mtu akiipa mistari, hata iwe imechorwa kwenye nini, inamkubali. Mwaka 2002 Profesa Tsutomu Matsumoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama, Japani, walitengeneza vidole kwa jelatini, hii hii inayotumika kwenye peremende laini. Wakajaribu mashine za aina 11. Zote zilidanganyika. Jelatini ina unyevu na inapitisha umeme karibu sawa na ngozi, kwa hiyo hata mashine zilizokuwa zikipima umeme wa kidole hazikufua dafu. Na mwizi akishamaliza shughuli yake, anakitafuna kidole. Ushahidi umeliwa.

SHANGAZI: Hiyo ni maabara ya Kijapani. Huku nani ana muda wa kupika vidole?

MPWA: Brazili haikuwa maabara. Mwaka 2013, huko Ferraz de Vasconcelos karibu na São Paulo, daktari mmoja alinaswa na vidole sita vya silikoni. Vya wenzake. Alikuwa anawawekea mahudhurio kwenye mashine ya kidole ilhali wao hawapo kazini.

SHANGAZI: Wangeniuliza mimi! Enzi zetu lilikuwepo daftari na kalamu ya kufungwa kwa kamba, na mtu mmoja anasaini watatu. Walichobadilisha ni kalamu tu.

MPWA: Na India je? Kule mwananchi wa kijijini anatoa pesa benki kwa kuweka kidole kwa wakala kama wewe, kwa mfumo wa kitambulisho cha Aadhaar. Polisi wamekamata watu waliochukua alama za vidole kutoka kwenye hati za ardhi, wakazinakili kwenye silikoni, wakakomba akaunti za watu. Februari 2023 mamlaka ya Aadhaar ikatangaza ukaguzi mpya wa kujua kama kidole kilichowekwa ni hai. Hao waliibiwa wakiwa wamelala nyumbani kwao, shangazi. Hawakupoteza kadi wala kutaja namba ya siri. Walisaini hati ya shamba, basi.

Hapo Shangazi alinyamaza, na alikuwa na haki ya kunyamaza. Namba ya siri ikiibwa unaibadilisha jioni ile ile. Kidole ni kile kile mpaka kaburini, na kila glasi uliyoshika hotelini ina nakala yake. Septemba 2013, siku chache tu baada ya iPhone 5s kuingia sokoni na kufuli lake la kidole, wadukuzi wa klabu ya Chaos Computer Club ya Ujerumani walionyesha jinsi ya kulifungua kwa alama iliyopigwa picha kutoka kwenye kioo.

SHANGAZI: Haya. Na huo mwanga wako unajuaje kwamba hiki ni kidole na kile ni jelatini?

MPWA: Unajua vizuri kuliko mimi. Wodini, mgonjwa akiingia anatetemeka na jasho la baridi, ulikuwa unambonyeza wapi?

SHANGAZI: Kwenye kucha. Unabonyeza mpaka inapauka, unaachia, unahesabu. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ikichelewa, damu haifiki huko, na wewe hukai tena.

MPWA: Mashine inafanya hivyo hivyo. Kidole kikigusa kioo na kukandamizwa, damu inasukumwa pembeni na ncha inapauka. Mashine inapiga picha mfululizo wakati kidole kinatua, inaiona rangi ikihama. Silikoni haina damu ya kuhamisha. Halafu zinawashwa taa za rangi tofauti, moja baada ya nyingine. Bluu inaishia juu juu. Kijani inaingia kidogo na kumezwa na damu. Nyekundu inazama zaidi, inatawanyika ndani ya nyama na kurudi. Hemoglobini yenye oksijeni inameza mwanga kwa nguvu kwenye nanomita 542 na 577, na katikati ya hapo inalegea. Mtu anaweza kupaka silikoni rangi ya ngozi ikafanana na yako machoni. Kuifanya imeze mwanga pale pale damu inapomeza, hiyo ni kazi nyingine.

Msomaji mwenye simu ya tochi anaweza kuona nusu ya jambo hili gizani. Ziba tochi kwa ncha ya kidole. Mwanga unaotoka upande wa pili ni mwekundu, ingawa tochi ni nyeupe: kijani na bluu zimebaki ndani. Kidole kimechuja. Sasa ziba tochi kwa kipande cha nta au gundi iliyokauka, uone kama utapata wekundu ule.

Wakati huo Mzee anaingia. Amekata mkonge miaka mingi, na mikono yake inaonyesha.

MZEE: Habari za hapa, Sista.

SHANGAZI: Njema, Mzee wangu. Shikamoo.

MZEE: Marahaba. Leo kitasoma?

SHANGAZI: Tujaribu.

Anamfuta kidole gumba kwa kitambaa. Anamwambia akisugue kwenye paji la uso kipate mafuta. Mzee anakiweka. Mashine inawaka nyekundu. Anakiweka tena, anakikandamiza zaidi, na Shangazi naye anakikandamiza kwa juu kwa kidole chake mwenyewe. Nyekundu. Wanahamia kidole cha shahada, halafu mkono wa kushoto. Kila wakala wa nchi hii anaijua ngoma hii: kufuta, kupuliza, kusugua, kubadili mkono. Wakata mkonge wameiva kwa utomvu na miiba, mafundi ujenzi kwa saruji, akina mama kwa sabuni ya kufulia. Ngozi ya ncha inalainika mpaka inakuwa kama kioo, na ya wazee inakauka kwa umri tu.

SHANGAZI: Umeona? Huyu ni mtu hai, na mashine isiyo na mwanga wako imeshamkataa. Sasa wewe unataka kumwongezea mlango wa pili wa kukataliwa.

MPWA: Hapana, shangazi, hapo ndipo tunapopishana. Mashine hiyo inamkataa kwa sababu inasoma juu, na juu kumekwisha. Chini, kwenye tabaka lenye mishipa midogo ya damu, mpangilio ule ule bado upo. Mishipa inafuata mistari. Mwanga unaopenya unausoma huko huko chini. Kampuni ya Lumidigm ya Albuquerque, Marekani, iliuza mashine za namna hii kwa sifa hiyo hasa: vidole vikavu, vilivyolowa, vilivyosagika. Kukamata silikoni kulikuja pamoja nayo, kwa sababu mashine inayoona chini ya ngozi inaona pia pale ambapo hapana chini.

MZEE: Kwa hiyo hiyo inayomkamata mwizi ndiyo itakayonikubali mimi?

MPWA: Ikiwa ni ya aina hiyo, ndiyo, Mzee.

MZEE: Sasa mbona hawaleti?

SHANGAZI: Bei.

Nitakaa hapa kidogo. Tumezoea kusikia kwamba ulinzi ukiongezeka, usumbufu kwa mnyonge unaongezeka, na mara nyingi ni kweli. Hapa fizikia imekataa mazoea hayo: taa ile ile inaweza kumfungia mwizi na kumfungulia mkata mkonge. Kinachozuia hilo ni mnunuzi anayechukua kidude cha bei ya chini, halafu anaongeza programu ya kukisia kidole hai kwa picha ile ile mbovu ya juu. Programu hiyo haina cha kuangalia zaidi ya mistari, na mistari ya Mzee imefifia. Itamwita bandia. Bango la zabuni litasema "ina ulinzi dhidi ya vidole vya bandia" kwa mashine zote mbili.

SHANGAZI: Mimi nina neno la mwanga wenyewe. Ile mashine ya oksijeni ya kidoleni tumeitumia miaka. Taa nyekundu, taa nyingine isiyoonekana, inapiga hesabu. Mama akija amepaka piko mpaka kwenye kucha, inagoma au inatoa namba za ajabu, unamtafutia sikio. Na baadaye nikasoma mliyoyakuta huko kwa wakubwa.

MPWA: Utafiti wa Michigan, Desemba 2020.

SHANGAZI: Huo. Oksijeni imeshuka hatari na mashine inasema mzima: kwa wagonjwa weusi ilitokea asilimia 11.7, kwa weupe 3.6. Tangu Mjapani aitwaye Aoyagi aibuni mashine hiyo mwaka 1974 hadi 2020, wangapi wamekufa huku namba ikicheka? Sasa unaniletea mwanga ule ule, kwa vidole vya Tanga, unaniambia niuamini?

Hili ndilo pigo zito kuliko yote ya mjadala huu, na Mpwa hakulikwepa.

MPWA: Sina ubishi. Melanini inameza sana mwanga wa bluu na kijani, na inapungua kadiri unavyokwenda kwenye nyekundu na kuvuka. Kwa mwanga unaoonekana, mtu mweusi na mweupe wanampa mhandisi picha mbili tofauti, na kama alipanga kipimo chake kwa watu weupe, weusi wataonekana wameharibika. Ncha ya kidole imepona kidogo, kwa sababu upande wa kiganja hauna melanini nyingi, lakini hauko sawa kwa watu wote, na hina ndiyo imekaa hapo hapo. Ila ukivuka nanomita 1,200, shangazi, mambo yanageuka. Melanini karibu inatoweka machoni pa kamera. Kinachotawala huko ni maji. Karibu na nanomita 1,450 maji yanameza mwanga mpaka ngozi ya kila mtu inaonekana nyeusi tititi, iwe ya Mmakonde au ya Mjerumani, na silikoni kavu haina maji hayo. Chuo cha Bonn-Rhein-Sieg cha Ujerumani wameyafanyia kazi haya, kwanza ili mashine ya msumeno itambue mkono wa fundi na kuuacha ubao, kisha ili kamera itambue uso wa mtu na barakoa.

SHANGAZI: Basi nunueni hiyo.

MPWA: Kamera za simu na za mashine za bei nafuu zimetengenezwa kwa silikoni, ile ya elektroniki, na hiyo haioni kitu baada ya nanomita 1,100 hivi. Kuvuka hapo unahitaji vihisi vya madini mengine, na bei inaruka mara nyingi.

SHANGAZI: Kwa hiyo mwanga usiobagua upo, ila ni wa ghali.

MPWA: Kwa leo, ndiyo.

Sikumwekea Shangazi jibu hapo, maana sentensi yake mwenyewe ilikuwa imetosha. Niongeze tu kwamba hata mwanga wa ghali una mahali unaposhindwa. Mtu akivaa utando mwembamba wa silikoni angavu juu ya kidole chake mwenyewe, mwanga unapita kwenye utando na kukuta chini yake damu halisi, mapigo halisi, maji halisi. Mashine inasema: hai. Na si uongo, kidole ni hai, ila mistari ni ya mtu mwingine. Kuna njia ya kuukamata utando huo: kupima kwa mwanga kina cha kila tabaka, hadi milimita moja au mbili ndani, mpaka mirija ya jasho ionekane imejisokota ndani ya ngozi kama chemchemi. Madaktari wa macho wanaitumia kila siku kuangalia retina. Utando unaonekana kama tabaka la ziada lisilo na mirija. Sijui wakala gani wa Tanga atawekewa kifaa cha kliniki ya macho kwenye kibanda cha mabati.

SHANGAZI: Nikuulize sasa la huku kwetu. Tangu usajili wa laini kwa kidole uanze mwaka 2019, umesikia wizi gani zaidi? Vidole vya silikoni?

MPWA: Hapana. Nimesikia "haijasoma, weka tena."

SHANGAZI: Umesema! Wakala mwenye roho mbaya anamwambia mama, haijasoma, weka tena. Kumbe ya kwanza ilisoma. Ya pili inasajili laini nyingine kwa jina lake, na laini hiyo inakwenda kutuma zile meseji za kitapeli za "ile pesa tuma kwenye namba hii." Kidole ni cha mama, damu ni ya mama, mama mwenyewe yuko hapo amesimama na mtoto mgongoni. Mwanga wako ungemshika nani?

MPWA: Hakuna.

SHANGAZI: Kilichomsaidia ni kupiga *106# aone laini ngapi ziko kwenye namba yake ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA. Haina taa ile.

MPWA: Lakini shangazi, wizi mmoja haufuti mwingine. Ukiziba wa wakala, mwizi atahamia kwenye silikoni, kama India. Na kuna la kutisha zaidi. Malaysia, mwaka 2005, majambazi walipora Mercedes yenye kufuli la kidole. Walipoona gari haliwaki bila mwenyewe, walimkata kidole, wakaondoka nacho. Mashine inayodai damu inayotembea inakataa kidole kilichokatwa. Inalinda mkono wa mtu, achilia mbali pesa zake.

SHANGAZI: Ikiwa jambazi anajua. Jambazi hasomi masharti ya zabuni, baba. Atakata kwanza, mashine itakataa baadaye.

MZEE: Mimi nauliza, mashine ikinikataa mimi, ni nani anasema nimekosewa? Maana ikisema mimi ni bandia, hata Sista hapa anakosa la kufanya.

Swali la Mzee ndilo ninalotaka kulishikilia, kwa sababu linafichwa na namna makosa yanavyohesabiwa. Upo mwongozo wa kimataifa wa kupima mashine hizi, ISO/IEC 30107-3, uliotoka 2017. Unataka makosa mawili yatajwe mbalimbali: bandia zilizokubaliwa, na watu halisi waliokataliwa. Kwa kosa la kwanza ni makini sana. Kila aina ya bandia inapimwa peke yake, jelatini kivyake, silikoni kivyake, gundi kivyake, ili mashine isijifiche nyuma ya wastani. Busara hiyo ina sababu: mashindano ya LivDet, yaliyoanzishwa mwaka 2009 na vyuo vya Cagliari na Clarkson, yameonyesha tena na tena kwamba mashine iliyofunzwa kwa jelatini inaweza kuduwaa mbele ya kitu ambacho haijakiona. Lakini kosa la pili, la watu halisi, hutajwa kwa jumla, namba moja. Silikoni na gundi zimepewa heshima ya kuhesabiwa kila moja kwa jina lake, na binadamu tumechanganywa kwenye chungu kimoja.

Fanya hesabu ya haraka. Mashine inayomkosea mtu mmoja kati ya 100 inasifiwa kuwa nzuri. Kwa watu milioni 30, hao ni laki 3. Tena si laki 3 zinazobadilika kila siku kwa bahati nasibu. Ni wale wale: mkata mkonge, mvuvi wa pweza, bibi wa miaka 80, na bi harusi wiki nzima ya harusi yake. Kwenye wastani hawaonekani, na kwenye foleni ya malipo hawaondoki.

MPWA: Nikubali hilo moja. Kwenye masharti nitaandika muuzaji ajaribu mashine yake kwa watu wetu, na alete jedwali.

SHANGAZI: Jedwali la nini?

MPWA: La waliokataliwa. Kwa kazi, kwa umri, kwa ngozi.

SHANGAZI: Na piko.

MPWA: Na piko na hina. Na nitataka iandikwe mashine inatumia mwanga gani, siyo "ina ulinzi" tu. Na ikimkataa mtu aliye hai, iwepo njia nyingine hapo hapo, kitambulisho na namba ya siri, na wakala asiadhibiwe kwa kuitumia.

MZEE: Hiyo ya mwisho iweke ya kwanza.

SHANGAZI: Sikia mtu mzima. Na njia hiyo wezi nao wataipenda, usijidanganye.

MPWA: Wataipenda. Itabidi iwekewe kiwango cha pesa, kidogo kwa siku.

MZEE: Kidogo ni kiasi gani? Maana pensheni yangu yenyewe ni kidogo.

SHANGAZI: Ipite pensheni. Chini ya hapo hamjamsaidia mtu.

MPWA: Shangazi, nikiandika haya yote, katika wauzaji watatu walioonyesha nia, wawili watajitoa.

SHANGAZI: Waache wajitoe. Mzee, lete tena kile cha mkono wa kushoto.